Kupanga shahada ya biashara ya kimataifa na uchumi ukiwa Unguja au Pemba

Mwongozo huu ni wa kijana aliye kidato cha nne hadi cha sita, au aliyemaliza stashahada, ambaye kichwani mwake limeshaingia wazo la kusomea biashara ya kimataifa na uchumi. Ni wa wazazi wake pia, kwa sababu kwetu ada ni shughuli ya ukoo: baba anatoa, ami aliyeko Muscat anatoa, na msimu wa karafuu ukijaalia hata bibi wa Wete anatia chake. Wanaotoa wana haki ya kujua pesa inanunua nini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Shahada hii ina faida kwa mtu wa mambo mawili: asiyekimbia hesabu, na aliye tayari kuifuata bidhaa moja ya kweli kutoka inapozalishwa hadi inapolipiwa ng'ambo. Asiye na hayo mawili atatoka na joho na picha ya mahafali, kisha ataanza kuulizia nafasi ya ukarani.

Hatua ya 1: Zitenganishe kozi zinazofanana majina

Kuna kozi nne ambazo wazazi wengi huziona ni moja. Uchumi unafundisha kwa nini bei hupanda, kwa nini shilingi hushuka na serikali ifanye nini. Biashara ya kimataifa inafundisha jinsi ya kuvusha bidhaa na pesa mipakani bila kupata hasara. Utawala wa biashara ni mpana zaidi: rasilimali watu, masoko, uongozi wa ofisi. Uhusiano wa kimataifa ni siasa na diplomasia, na mwenye hamu nayo atazame Chuo cha Diplomasia kule Kurasini, Dar es Salaam, ambacho leo kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim.

Shahada inayounganisha mbili za mwanzo ndiyo tunayoizungumzia. Si kila chuo kinaiita kwa jina hilo. Kwingine utaikuta ni shahada ya uchumi yenye mkondo wa biashara ya kimataifa, kwingine ni shahada ya biashara yenye masomo mengi ya uchumi. Usihangaike na jina la juu ya cheti. Hatua ya tatu itakuonesha pa kuangalia.

Hatua ya 2: Hesabu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wanakwama mapema, siku ya kuchagua tahasusi baada ya kidato cha nne. EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, ndiyo njia iliyonyooka zaidi. ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, inakupa msingi mzuri wa biashara na uhasibu, HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, inakufikisha kwenye uchumi, lakini zote mbili zinakuacha bila Hisabati ya juu. Anayesoma uchumi bila Hisabati hupewa somo la nyongeza la hisabati ya msingi, BAM, na wanafunzi wengi hulichukulia kama adhabu ya Ijumaa mchana. Vyuo kadhaa vikipanga sifa za shahada ya uchumi huuliza alama ya BAM kwa yule asiye na Hisabati ya juu. Somo ulilolidharau likaja kukufungia mlango!

Hesabu ya pointi ni rahisi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayohusika na kozi, kwa mfano D mbili. Hicho ni kiwango cha kukufanya uruhusiwe kuomba tu. Kozi yenye watu wengi huchukua wenye alama za juu, na chuo kina uhuru wa kudai zaidi ya kiwango cha Tume. Mwenye D mbili aombe, lakini asijaze fomu zake zote kwa kozi zinazogombaniwa.

Kama ulipitia stashahada, utahitaji wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Njia hii inadharauliwa bila sababu. Kijana aliyesoma stashahada ya uhasibu au ya forodha anaingia mwaka wa kwanza akiwa anaijua ankara kwa sura, wakati mwenzake wa kidato cha sita bado anaikariri.

Na kama uko kidato cha tatu au cha nne sasa hivi, huku mwalimu wa Hisabati skulini kwenu hatoshi, tafuta tuisheni ya somo hilo kabla ya somo lolote jingine. Kiingereza kitakuja kwa kusoma. Milinganyo na grafu ukiziacha zikupite, mwaka wa kwanza wa chuo utakutana na kalkulasi na takwimu kwa pamoja, na hakuna mhadhiri atakayerudi nyuma kukusubiri.

Hatua ya 3: Omba orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka

Kila chuo kina orodha ya masomo ya kila muhula. Ipakue kwenye tovuti, au nenda ukaiombe ofisini, kisha kaa nayo na kalamu. Tafuta haya: uchumi mdogo na uchumi mpana kwa angalau mihula miwili kila kimoja, hisabati ya wanauchumi, takwimu, ekonometriki (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), nadharia ya biashara ya kimataifa, fedha za kimataifa, uhasibu, sheria ya mikataba, na somo lolote la forodha, usafirishaji au ugavi. Mafunzo kwa vitendo yawemo, na utafiti wa mwisho uwemo.

Ukikuta orodha imejaa "utangulizi wa" hiki na "misingi ya" kile hadi mwaka wa tatu, wapishe. Ukikuta hakuna ekonometriki wala fedha za kimataifa, hiyo ni shahada ya utawala iliyovalishwa kanzu ya kimataifa.

Somo la fedha za kimataifa lina uzito gani? Chukua mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Unguja anasafirisha tani 20 za mwani mkavu. Mnunuzi wa Ulaya amekubali dola 500 kwa tani, atalipa baada ya siku 60. Jumla ni dola 10,000. Siku ya mkataba dola ni Sh 2,700, kwa hiyo mzee anajihesabia Sh 27,000,000. Kinamama wa Paje na Jambiani amekwisha kuwalipa, na magunia, lori, kontena na makaratasi pia, jumla Sh 25,500,000. Faida anayoiona kichwani ni Sh 1,500,000. Siku ya malipo dola imeshuka hadi Sh 2,450. Benki inamwekea Sh 24,500,000. Hakuibiwa, mwani haukuoza, mnunuzi hakuvunja ahadi, na bado amepoteza milioni moja.

Hili si la vitabuni tu. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda thamani kwa kasi ndani ya wiki chache, na kila aliyekuwa anasubiri kulipwa kwa dola aliliona jambo hilo kwenye akaunti yake. Shahada nzuri inakufundisha mzee yule angefanya nini: apange bei kwa namna gani, akubaliane na benki juu ya kiwango cha kubadilishia mapema, au adai sehemu ya malipo kabla ya mzigo kuondoka. Ikiwa kusoma aya hiyo kumekusisimua, endelea na mwongozo. Ikiwa umeiruka, kafikirie sheria au ualimu, nazo ni kazi za heshima.

Hatua ya 4: Chuo kipi

Anza na vya nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kikaanza kufundisha 2001. Kampasi kuu iko Tunguu, na Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka kiliunganishwa nacho, ndiyo maana upande wa biashara na uhasibu una mizizi ya zamani. Wa Pemba wana Kampasi ya Benjamin Mkapa kule Mchangamdogo, lakini ulizia kozi yako inatolewa kampasi gani kabla ya kushangilia kwamba hutavuka bahari. Zanzibar University, cha binafsi, nacho kiko Tunguu tangu 1998. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kina kampasi Bububu. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba, na kinamfaa aliyekwisha kuajiriwa.

Faida ya kusoma nyumbani wengi huipima kwa nauli na chumba cha kupanga. Mimi naipima kwa bandari. Kutoka Tunguu hadi Malindi ni safari ya daladala, na hapo Malindi ndipo somo lote la biashara ya kimataifa linapita juu ya malori kila siku.

Bara kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye skuli ya biashara na skuli ya uchumi, kuna Mzumbe, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na vinginevyo. Anayevuka kwenda Dar anapata maktaba kubwa, ushindani mkali na marafiki watakaokuwa kwenye mabenki na wizara za Dodoma. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani: biashara ya nchi za nje imo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na elimu ya juu imo pia. Mikataba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au ya soko huru la Afrika inajadiliwa kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Zanzibar inahitaji watu wake wanaoelewa kilichoandikwa kwenye vile viambatisho.

Nje ya nchi, nafasi zinazojulikana zaidi kwa vijana wetu ni ufadhili wa Uturuki, China, India na Morocco. Uturuki kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa lugha, kisha shahada ya miaka minne, kwa hiyo hesabu mitano, wakati hapa nyumbani shahada hizi ni miaka mitatu. Kabla ya kuondoka chukua barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi na hakikisha chuo kinatambuliwa, maana ukirudi cheti chako kitapitia kwao kwa ithibati. Na hawa mawakala wanaotembea mitaani na vipeperushi vya vyuo vya ng'ambo, wanaotaka "ada ya usajili" kwa simu kabla hujaona barua yoyote, waage kwa salamu nzuri.

Hatua ya 5: Majina

Sehemu hii inaonekana ndogo. Ndiyo inayotoa machozi mengi.

Kwetu mtoto anaandikwa Mohammed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohamed kwenye cheti cha kidato cha nne, Muhammad kwenye pasipoti, na babu yake anaonekana kwenye karatasi moja tu kati ya hizo tatu. Skuli ya msingi walitumia majina mawili, Baraza la Mitihani likapelekewa matatu. Chuoni hakuna anayejali sana, hadi siku Bodi ya Mikopo inapolinganisha cheti chako cha kuzaliwa na namba yako ya mtihani, au siku ubalozi unapouliza kama hawa ni watu wawili.

Fanya hivi ukiwa bado kidato cha tano. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kama unacho, na pasipoti kama unayo. Soma kila herufi, pamoja na tarehe. Tofauti ikiwepo, amua jina moja la kulifuata, na mara nyingi lililo kwenye cheti cha mtihani ndilo gumu zaidi kubadilika. Kisha nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA, uulize kama kinachotakiwa ni marekebisho ya cheti au kiapo cha majina mbele ya wakili. Mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo, si barua ya sheha peke yake. Fuatilia mambo haya kipindi ambacho hakuna foleni. Miezi ya kuomba mikopo ikifika, kila familia iko kwenye dirisha hilohilo na kila mtu ana haraka.

Hatua ya 6: Pesa

Mzanzibari ana milango miwili ya mikopo. Mmoja ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ZHELB, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mwingine ni HESLB ya Muungano. Vigezo na tarehe hutangazwa kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usisikilize la kaka yako. Huwezi kulipiwa kitu kilekile na bodi mbili.

HESLB hugawa mkopo kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Unaweza kupata fungu moja ukakosa jingine, na hapo ndipo familia hushtuka mwezi wa kwanza wa masomo. Fomu itahitaji mdhamini, saini na muhuri wa sheha, na kiapo mbele ya hakimu au wakili. Mdhamini aambiwe ukweli kwamba huu ni mkopo: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Kaeni chini kama familia muandike bajeti ya miaka yote mitatu, si ya muhula wa kwanza. Ada, chumba, chakula, daladala au boti, bando la intaneti, kompyuta moja inayofanya kazi, na nauli ya mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Kwa familia inayotegemea karafuu kuna jambo la kuzingatia: mkarafuu una tabia ya kuzaa vizuri mwaka mmoja na kupumzika mwingine. Ada haina mwaka wa mapumziko. Mwaka wa neema, tenga fungu la mwaka wa ukame kabla ya kuezeka nyumba.

Hatua ya 7: Kuomba

Matokeo ya kidato cha sita hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai, na dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa muda mfupi baadaye. Unaomba moja kwa moja kwa kila chuo, kwenye mfumo wake wa mtandaoni. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye sifa za kila kozi; kisome mwenyewe, kiko wazi kwa kila mtu.

Ukidahiliwa vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Laini iwe yako na iwe hewani. Wapo walioomba kwa simu ya rafiki wa kule duka la intaneti, namba ya siri ikaingia kwa rafiki, rafiki yuko shamba Micheweni hana mtandao.

Hatua ya 8: Chagua bidhaa moja

Hii haimo kwenye fomu yoyote, wala hakuna mhadhiri atakayekulazimisha. Mimi naiona ndiyo shahada yenyewe. Mwaka wa kwanza, chagua bidhaa moja inayotoka au kuingia visiwani, na kila somo utakalofundishwa lipime kwa bidhaa hiyo.

Karafuu inakuja akilini kwanza. Mtoto wa Pemba anaijua tangu kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika kwenye jamvi huku akiangalia mawingu. Lakini ni wangapi wanajua kwamba Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na pia mlaji mkubwa kuliko wote, kwa sababu ya sigara zao za kretek zinazochanganywa karafuu? Mavuno yao yakiharibika, wao wenyewe huingia sokoni kununua, na bei inatikisika hadi Mkoani. Yakiwa mazuri, wanunuzi wetu wanapata pa kukimbilia. Hapo umeshasoma ugavi, mahitaji na soko la dunia bila kufungua kitabu. Kuna upande wa pili: karafuu kwa sheria hununuliwa na kusafirishwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake. Kwa hiyo ni bidhaa bora ya kusomea bei, sera na ukiritimba, na historia ya magendo ya kuvusha kwenda Kenya ni somo zima la uchumi juu ya kinachotokea bei ya ndani ikiachana na ya nje. Kwa anayetaka kufungua kampuni yake ya kusafirisha, si mahali pa kuanzia.

Mwani una sura nyingine. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na sehemu kubwa huondoka ikiwa imekaushwa tu, kwenda kutolewa karajini, ile kitu inayogandisha vyakula na dawa za meno. Hapa unajifunza thamani inaongezwa wapi na nani anaibakisha. Aina iitwayo kotoni ina bei kuliko spinosamu, lakini inadhoofika haraka maji yanapopata joto, na mkulima anaachwa na ile ya bei ndogo. Ukiandika insha juu ya faida linganishi ya mwanauchumi David Ricardo, ya 1817, kwamba kila nchi izalishe kile inachokimudu kwa nafuu zaidi kuliko vingine, ukaimaliza bila kuuliza swali juu ya mwani, umekariri tu.

Au chukua kinachoingia. Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati, na ikaiondoa marufuku hiyo Septemba 2024. Amri imetolewa Delhi kwa ajili ya walaji wa Delhi. Bei ya dunia ikapanda, Thailand na Vietnam wakauza kwa raha zao. Kisiwa kinachokula mchele wa kuagiza hakina pa kujificha. Fuata gunia moja la mchele wa mapembe kutoka meli hadi duka la Darajani: nani alilipa bima, ushuru ulihesabiwa juu ya bei ipi, muuzaji wa jumla alikopeshwa na nani. Kwa kudokeza, katika Afrika Mashariki ushuru wa forodha huhesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, ile wanayoiita CIF, na tangu Julai 2022 viwango vya pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na 35, ingawa baadhi ya bidhaa, mchele ukiwemo, huwekwa kando kwa viwango vyake maalumu.

Ukishachagua, nenda ukaone faili. Mawakala wa forodha wengi wana ofisi karibu na bandari. Nenda asubuhi katikati ya wiki, si siku meli imefunga, vaa vizuri, na uwe na kitambulisho cha chuo. Maneno yanatosha haya: "Shikamoo mjomba. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nasomea biashara ya kimataifa. Sitafuti kazi wala pesa. Naomba siku moja ukiwa na nafasi unioneshe faili la mzigo uliokwisha kutoka, nijue karatasi zake." Wawili watakwambia njoo kesho mpaka uchoke. Wa tatu atavuta kiti.

Ndani ya faili la mzigo wa viungo uliosafirishwa utakuta ankara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena ambayo hapo bandarini kila mtu anaiita BL, cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea, cheti cha kufukizwa dawa, na tamko la forodha. Tazama namba ya bidhaa kwenye tamko. Kwa karafuu inaanza na 0907, dunia nzima. Soma BL inamtaja nani kuwa mpokeaji. Mara nyingine ni benki, na ukiuliza kwa nini, umeanza kuielewa LC, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta karatasi zilizokubaliwa, nayo benki inazishikilia karatasi hizo hadi mnunuzi alipe. Uliza pia nani anakusanya nini: forodha ni TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, lakini Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mauzo ya ndani ya Zanzibar ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Na suala la mzigo ulioingilia Zanzibar kuvushwa Bara na kudaiwa tofauti ya kodi limekaa miaka mingi kwenye vikao vya kero za Muungano. Mwenye kulielewa kwa tarakimu badala ya kwa hasira ana la kusema mbele ya mwajiri yeyote.

Hatua ya 9: Fildi, lugha, vyeti vya pembeni

Barua ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ipelekwe mapema, angalau miezi mitatu kabla, na ufuate mwenyewe. ZSTC, Shirika la Bandari, ZIPA inayoshughulikia uwekezaji na maeneo huru, benki ya PBZ, TRA, ZRA, tawi la Benki Kuu. Usiridhike kukaa mapokezi ukipanga mafaili. Omba kazi yenye tarakimu, hata kama ni kuingiza takwimu kwenye Ekseli. Ekseli yenyewe uijue kweli, si kutengeneza jedwali la rangi.

Lugha: Kiarabu cha madrasa ni akiba, lakini cha biashara kinajifunzwa upya. Anayelenga Dubai au Muscat asikiache. Kifaransa kinafungua Komoro, Madagaska na sehemu ya Kongo, nchi iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, EACFFPC, ukikipata karibu na kumaliza shahada, unaingia kwenye kazi inayolipa bila kusubiri tangazo la ajira serikalini. Wanaopenda ugavi wana mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, wanaopenda vitabu vya hesabu wana NBAA, bodi ya wahasibu. Kimoja kinatosha. Mwenye vyeti sita vya wiki mbilimbili hajaeleweka anataka nini.

Hatua ya 10: Utafiti wa mwaka wa mwisho

Ile bidhaa uliyoichagua mwaka wa kwanza sasa inakulipa. Wenzako watakuwa wanasaka mada, wewe unasaka swali la pili. Takwimu zipo bure: Benki Kuu hutoa kila mwezi tathmini ya uchumi yenye sehemu maalumu ya Zanzibar, ndani yake mauzo ya karafuu na mwani yakiwa yameandikwa, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hapa Zanzibar hutoa mfumko wa bei na biashara ya nje, na Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva kina Trade Map, inayokuonesha nani duniani ananunua 0907 kutoka kwa nani.

Chagua swali dogo linalojibika. "Mchango wa biashara ya kimataifa katika maendeleo ya Zanzibar" si swali, ni kichwa cha hotuba. "Mabadiliko ya thamani ya shilingi yaliathiri vipi mapato ya wasafirishaji mwani kati ya mwaka huu na ule" ni swali, lina takwimu na linatosha kurasa sitini.

Ukishapitishwa, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Nakala moja mpelekee yule wakala aliyekufungulia faili, nyingine ipeleke ofisi uliyofanyia fildi na nyingine ZIPA, na kila nakala iwe na namba yako ya simu chini ya jina.